MGB GT na Triumph TR6: ipi inaiweza hewa ya Nakuru?

Magari ya michezo ya zamani kutoka Uingereza husifiwa kwa namba zilizopimwa Uingereza. Nguvu farasi 150, maili 120 kwa saa, na kadhalika. Namba hizo zilipatikana karibu na usawa wa bahari, nayo Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Huku juu hewa ina kani ya takriban asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, unapoteza zaidi ya robo. Ndiyo sababu mtu akiniuliza gari gani ni bora kati ya mawili, mimi humuuliza kwanza atalikalisha wapi na ataliendesha barabara gani.

Mteja wangu, mzee mmoja anayelima ngano upande wa Njoro, alikuwa amepata magari mawili yanayouzwa na hakuweza kuamua: MGB GT ya 1972 na Triumph TR6 ya 1971. Yote ni ya usukani wa kulia, na wenye magari walikubali yaje kwangu niyaangalie na kuyaendesha. Kazi yangu ni injini na kabureta. Nilijifunzia kwenye Peugeot 404, 504 na Land Rover, kabla barabara hazijajaa magari yanayopimiwa mafuta na kompyuta, kwa hiyo aliponiambia, "Fundi, niambie ukweli, mimi nitakuamini," nililichukua neno hilo kwa uzito. Pesa zenyewe ni za mavuno.

Nianze na TR6, maana ndiyo inayomteka mtu kabla hajaigusa. Ilitengenezwa Coventry kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 hadi 1976. Kampuni ya Karmann ya Ujerumani walipewa gari lililotangulia, TR5, ambalo umbo lake lilitoka kwa mbunifu Michelotti wa Italia, wakatengeneza pua mpya na mkia mpya, wakaacha milango na kioo cha mbele vilivyokuwa. Matokeo yake ni gari lililokatwa mraba, lenye mabega, linaloonekana kama liko tayari kuondoka hata likiwa limezimwa. Chini ya boneti kuna silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,498, na badala ya kabureta kuna mfumo wa Lucas wa kusukuma mafuta kwa injekta, bila waya hata mmoja wa kompyuta. Hiyo ya 1971 ni ya zile za nguvu farasi 150. Za baadaye zilishushwa, zikaandikwa 125.

Sauti yake nitaisema mara moja tu: ni nzito, laini, na ukivuka mizunguko 3,000 inabadilika kuwa kitu kinachomfanya mtu aliye kando ya barabara Njoro ageuke kabla gari halijamfikia. Hakuna kitu kwenye MGB kinachokaribia hapo.

MGB yenyewe ilianza 1962 pale Abingdon, na GT yenye paa ikafuata mwaka 1965, paa ambalo wabunifu wa Italia, Pininfarina, walitia mkono wao. Injini ni silinda nne, sentimita za ujazo 1,798, chuma cha kalibu juu na chini, kabureta mbili za SU, nguvu farasi 95 hivi. Ni jamaa wa karibu wa injini zilizosukuma Morris Oxford na Austin Cambridge, magari ambayo wazee wengi wa hapa waliyaendesha au walipandishwa wakiwa watoto. Hakuna siri ndani yake. Fundi aliyewahi kufungua injini ya Morris anaweza kuifungua hii bila kitabu.

Kwenye karatasi, basi, shindano limekwisha. TR6 inafika maili 60 kwa saa kwa sekunde nane na kidogo, MGB GT inahitaji kama 12 au 13. Lakini mimi niliyapeleka yote mawili njia moja: kutoka mjini kupitia Njoro, kupanda Molo, kutokea Mau Summit, kisha kuteremka Sachangwan na Salgaa kurudi nyumbani. Njia hiyo ina kila kitu kinachoweza kumsumbua mwenye gari la zamani huku kwetu: mlima mrefu, baridi ya asubuhi, matuta, mashimo, malori, na mteremko ambao kila dereva wa bonde hili anaujua kwa jina.

Kwenye kupanda ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi, na ndipo uamuzi wangu ulipotoka.

Kifaa cha TR6 kinachopima mafuta hufuata uvutaji wa hewa ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Ukiendesha polepole uvutaji ni mkubwa, nacho kinatoa mafuta kidogo. Ukikanyaga hadi sakafuni uvutaji unapotea, nacho kinafungua kipimo chote. Mpango mzuri sana, ila kipimo hicho kilikadiriwa kwa hewa ya Coventry. Kifaa hakina namna ya kujua kwamba kiko Molo. Kinamwaga mafuta yale yale kwenye hewa iliyopungua, na mafuta hayapati hewa ya kutosha kuungua yote. Nilipofika juu nilizima injini papo hapo, nikaacha ipoe kidogo, nikachomoa plagi ya kwanza na ya sita. Zote mbili zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole, na nyuma ya gari ekzosi ilinuka petroli mbichi. Kwa hiyo zile farasi 150, ambazo hapa zingekuwa kama 120 kwa sababu ya hewa peke yake, zinapungua tena kwa sababu ya mchanganyiko mzito. Na mafuta yasiyoungua hayaishii kwenye ekzosi: yanateremka kando ya pistoni na kuiosha oili.

Je, inarekebishika? Inarekebishika, lakini si kwa spana ya kawaida kando ya barabara. Kile kifaa kinapangwa kikiwa mezani, na mtu mwenye vipimo vyake. Ukikipanga kwa ajili ya Nakuru, siku ukiteremka Kisumu, mita 1,130 hivi, kitakuwa kinabana mafuta mahali ambapo hewa imeongezeka.

Sasa tazama SU. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa inayovutwa, na chini ya pistoni kuna sindano nyembamba inayoingia kwenye tundu la mafuta. Chini ya tundu hilo kuna nati yenye pande sita. Ukiizungusha kwenda juu, mafuta yanapungua. Ukiizungusha kwenda chini, yanaongezeka. Kuna kipini kidogo ubavuni cha kuinulia pistoni, na kama hakipo unatumia bisibisi nyembamba: inua pistoni kiasi cha milimita moja injini ikiwa ya moto, kisha sikiliza. Injini ikipanda mizunguko na kubaki huko juu, mafuta ni mengi. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, umepata. Ikitaka kuzima, umebana mno. Hicho ndicho kipimo chote. Hakihitaji mashine, kinahitaji masikio na utulivu wa gereji, yaani redio izimwe.

MGB ilikuja kwangu ikiwa na mafuta mengi vile vile, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Nilizipandisha nati zote mbili upande mmoja kati ya zile pande sita, nikasikiliza, nikapandisha tena kidogo, nikazilinganisha kabureta hizo mbili kwa kusikiliza mvumo wa hewa kupitia kipande cha mpira nilichoweka sikioni. Tulipofika Mau Summit plagi zilikuwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, na gari lilipanda kwa gia ya tatu bila kulalamika. Halikuwa na haraka. Malori yote tuliyapita, prado mbili zikatupita. Lakini nguvu ndogo iliyokuwepo ilikuwepo yote.

Baadaye niliishusha MGB hadi Kisumu kupitia Kericho na Ahero, makusudi, nione itafanya nini kwenye hewa nzito. Ilianza kugonga kidogo ikivutwa kwa gia ya nne mizunguko ikiwa chini, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo unaomwambia fundi kwamba mafuta ni machache na joto ni jingi. Huku juu hewa hafifu huisamehe injini mambo mengi, hata petroli isiyo nzuri sana, ila ukishuka ziwani msamaha huo unaisha. Niliegesha kituo cha mafuta Ahero, nikafungua boneti, nikateremsha nati upande mmoja kila kabureta. Mlio ukaisha. Wakati wa kurudi nilizirudisha zilipokuwa. Mwenye TR6 hawezi kufanya hivyo Ahero, na hilo kwangu lina uzito kuliko sekunde nne za mwendo.

Kuna jambo la pampu pia. Pampu ya TR6 iko kwenye buti, ni ya umeme, na inasukuma mafuta kwa kani inayozidi pauni 100 kwa inchi ya mraba, jambo kubwa kwa gari la umri huo. Mafuta yasiyotumika hurudi tangini yakiwa yamepata joto. Tangi likiwa limejaa, joto hilo linamezwa. Tangi likiwa robo, yale yale machache yanazunguka na kupashwa tena na tena mpaka yaanze kuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Utaisikia ikibadilisha sauti kutoka kuvuma kwenda kulia. Kwa sababu hiyo sikuiacha tangi ishuke chini ya nusu siku zote nilizokuwa nayo, na yeyote atakayeinunua afanye hivyo hivyo, hasa Januari na Februari. Pampu ya MGB inasukuma kwa kani ndogo tu, na ikikwama unaweza kuigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi ikaendelea mpaka ufike kwa fundi akusafishie pointi zake.

Kuhusu barabara. TR6 ina chasisi ya peke yake na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na kwenye lami safi ya Njoro kwenda Molo inakaa vizuri kuliko MGB yenye ekseli nzima na springi za majani. Hapo lazima nikiri uzuri wake: kona ndefu, gia ya tatu, ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, unaiwasha na kuizima kwa kidole, na kwenye hii ya 1971 inafanya kazi kuanzia gia ya pili. Nilifurahi kwelikweli. Lakini ukikanyaga mafuta mkia unakaa chini, na ekzosi tayari iko chini, kwa hiyo matuta ya mbele ya shule yote unayapita upande upande. Kwenye njia ya vumbi ya kuingia shambani kwa mzee niliiacha lango la kwanza. MGB niliiingiza hadi uani, polepole, ikikwaruza mara moja.

Kwenye mteremko wa Sachangwan yote mawili yana diski mbele na dramu nyuma, na yote mawili yanateremka salama ukifanya linalopaswa kufanywa: zima ovadraivu juu kabisa, shika gia ya tatu, acha injini izuie, breki uzigonge na kuachia. Usiende pale na gari la miaka 50 ukiwa umekanyaga breki moja kwa moja. Sijali ni aina gani.

Ndani sina mengi. TR6 ina dashibodi ya mbao nzuri na turubai ambalo mvua ya Aprili italijaribu, na jua la saa nane litakuchoma kichwa ukilifungua. MGB GT ina paa la chuma na mlango wa nyuma unaofunguka juu. Mke wa mzee alipokuja kuliona alifungua mlango huo, akakunja kiti, akapima kwa macho, akasema, "Hapa gunia la viazi linaingia." Liliingia.

Kwa mtu mwingine yeyote anayefikiria moja kati ya haya, kuna mambo ya kutazama kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwenye TR6, simama mbele na utazame puli ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini, mwambie mtu akanyage klachi na kuachia. Puli ikisogea mbele na nyuma mpaka ukaona kwa macho, zile washa za msukumo za kranki zimelika. Zikiachwa zinaanguka ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na baada ya hapo kranki inakula bloku yenyewe. Washa ni bei ndogo, bloku ndiyo injini. Pia achia klachi kwa ghafla kidogo ukiwa gia ya kwanza na usikilize nyuma. Mlio mmoja mzito, kama nyundo kwenye mbao, mara nyingi ni vishikizo vya difu vilivyopasuka kwenye chasisi, na cha mbele kulia ndicho huanza. Vinachomelewa na kuongezwa vyuma, lakini difu lazima ishuke.

Kwenye MGB, adui ni kutu. Gari hili halina chasisi ya peke yake, kingo za chini ya milango ndizo zinazobeba mgongo wote. Chukua sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa uipitishe kingo zote. Ikikataa kushika, hapo pana pati ya kuziba mashimo, si chuma. Kisha inua gari kwa jeki katikati na ujaribu kufungua na kufunga mlango. Mlango ukianza kukwama, gari linakunjika. Ukikuta kingo mbovu usinunue kwa ahadi kwamba "itapigwa welding kidogo". Maganda mapya kamili ya MGB, yaani bodi tupu, yamekuwa yakitengenezwa tena Uingereza tangu 1988, kwa kutumia vifaa vya asili, na hilo linakuambia jinsi spea zilivyo nyingi. Lakini kulisafirisha ganda zima hadi hapa ni mradi wa mtu mwingine, si wa mkulima anayesubiri mvua.

Jambo moja ni la yote mawili. Injini hizi zilitengenezwa wakati wa petroli yenye risasi, na Kenya iliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ilikuwa inalinda viti vya vali za ekzosi. Bila hiyo, vali inajichimbia polepole, nafasi ya tapeti inakwisha, na mgandamizo unapotea. Muulize muuzaji kama silinda hedi iliwahi kuwekewa viti vigumu. Akikutazama bila jibu, weka gharama hiyo kwenye mazungumzo ya bei. Karakana za mashine za Nakuru zinaifanya kazi hiyo vizuri.

Nitasema pia neno juu ya MGB za kuanzia mwishoni mwa 1974, zile zenye bampa kubwa nyeusi za mpira. Wapenzi wa magari wanazidharau kwa sababu ziliinuliwa karibu inchi moja na nusu na zikayumba kwenye kona. Mimi nisingezipita haraka. Inchi hiyo moja na nusu ina thamani kati ya Njoro na Mau Narok kuliko mahali popote Uingereza, na zile za kuanzia 1977 zilirudishiwa chuma cha mbele cha kuzuia kuyumba. Kwa macho, ndiyo, bampa za kromu ni nzuri zaidi. Kwa sampu ya oili, mpira.

Nilimwambia mzee achukue MGB. Bei ya TR6 ilikuwa karibu mara mbili, lakini hata zingelingana ningesema hivyo hivyo. Atakayeendesha Jumapili moja moja kwenye lami, mwenye fundi anayeujua mfumo ule wa mafuta na subira ya kungoja vifaa, achukue TR6 kwa moyo mweupe, atapata furaha ambayo MGB haitampa kamwe. Aibadilishe pampu kwa ile ya Bosch ambayo wenye TR6 wengi wameifunga, aitenge na joto, na kile kifaa cha kupimia akipeleke kipangwe kwa hewa ya huku. Asikubali kuambiwa aung'oe mfumo wote na kuweka kabureta. Wengi wamefanya hivyo na gari linaenda, lakini mfumo ule ndio TR6, na zilizobaki nao kamili zinapungua.

MGB ya mzee iko kwangu sasa, hedi imetolewa. Viti vya vali vinawekwa wiki hii, kingpini zimepigwa grisi mpaka ikatokea upande wa pili, na nimeagiza sindano mbili za SU zilizo nene kidogo, zinazokuja kwa bahasha, ili nati zisilazimike kukaa juu kabisa. Zikifika nitazifunga, tupande tena Molo, nichomoe plagi.